Afya Nyumbani: Uvimbe Unaofichwa

Bibi mmoja akaaye pwani ya Ziwa Tanganyika, upande wa kaskazini wa mji wa Kigoma, ametuletea barua. Jina lake hatulitaji, wala la kijiji chake, kwa kuwa ndivyo alivyotuomba. Barua yenyewe ni fupi, nasi twaitoa kama ilivyo, ila tumepunguza salamu:

«Bwana Mwandishi, mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Korodani yake moja ina kitu kigumu, ukubwa wake kama kokwa ya chikichi. Hakimwumi. Alinificha miezi mingi, nami nimejua juzi tu. Nikimwambia twende hospitali hujibu: Huko watanihasi kama beberu. Sasa yupo mzee mmoja asemaye kwamba hilo ni busha changa, atalipasua kwa wembe atoe maji, yaishe. Mume wangu amekubali. Wanangoja mbalamwezi, siku ambazo hawaendi ziwani. Tuna watoto 3. Nifanye nini?»

Mbalamwezi haiko mbali. Kwa sababu hiyo tumeiweka kando habari ya surua tuliyokuwa tumeitengeneza kwa juma hili, na badala yake twamjibu bibi huyu na mume wake.

Twajua kwamba gazeti hili husomwa kwa sauti jioni, baba akisoma na watoto wakisikiliza. Baba akiona haya kusoma ukurasa huu mbele ya wote, na auruke, kisha ausome peke yake, halafu ampe mkewe. Lakini asiutupe. Haya ni kitu chema mahali pake. Tatizo ni kwamba haya ikifika kwenye ugonjwa humfanya mtu angoje, na kungoja huku kuna gharama yake.

Wala si watu wa vijijini tu waonao haya. Pale Ujiji, chini ya miembe, lipo jiwe la ukumbusho wa Dr. Livingstone, mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871. Watoto wa shule hupelekwa kuliona. Jambo wasiloambiwa watoto hao ni kwamba mzee huyu alisumbuliwa miaka mingi na bawasiri zitokazo damu. Mwaka 1864, alipokuwa kwao Uingereza, daktari mkubwa wa upasuaji alimshauri apasuliwe. Akakataa, kwa kuwa hakupenda habari za maungo yake ya siri zijulikane na watu na kuandikwa magazetini. Akarudi Afrika na ugonjwa wake. Alipofariki kijijini kwa Chitambo, tarehe 1 Mei 1873, alikuwa amedhoofika kwa homa na kwa damu nyingi iliyokwisha mtoka tumboni. Hatusemi kwamba bawasiri peke yake ndiyo iliyomwua. Twasema tu kwamba mtu asiyeogopa simba wala mtutu wa bunduki aliogopa kusemwa. Na magazeti, kama uonavyo, yameandika habari zake hata hivyo.

Basi tuje kwenye jambo lenyewe.

Mtoto mwanamume akiwa tumboni mwa mama yake, korodani zake hazipo mfukoni. Huumbwa juu, ndani ya tumbo, karibu na mafigo. Miezi inavyokwenda hushuka polepole, na kwa watoto walio wengi, siku ya kuzaliwa zimekwisha fika mahali pake. Zikishuka huvuta mishipa yake ya damu nyuma yake, kama ndoo ishukavyo kisimani na kamba yake. Ndoo iko chini, lakini kamba imefungwa juu. Kwa hiyo korodani ya mtu mzima, ingawa yaning'inia nje, mizizi yake iko ndani kabisa, penye uti wa mgongo karibu na mafigo. Maji ya mwili yatokayo katika korodani hupanda njia hiyo hiyo. Lakini ngozi ya mfuko ni kitu kingine. Ngozi hiyo ni ya hapo chini, na maji yake huenda kwenye tezi za kinena, zile zivimbazo zikaitwa mitoki.

Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo lituogopeshalo tulipousoma ule wembe katika barua. Ikiwa kitu kile kigumu ni saratani, na mtu akapasua ngozi ya mfuko ili akifikie, amekifungulia mlango wa pili. Kwanza kilikuwa na njia moja ya kutokea, yaani juu. Sasa kina njia mbili, na ya pili yapita kinenani. Hata sindano ya kuvuta maji haifai kuchomwa hapo kabla haijajulikana kilichomo. Madaktari wa upasuaji hufundishwa hivyo. Wakishuku uvimbe wa korodani, hawakati mfuko. Hukata kinenani, huishika kwanza ile kamba, ndipo waivute korodani juu waitazame. Mzee mwenye wembe hana habari ya kamba. Huenda ni mtu mwema, na huenda amewatoa watu maji wasife. Lakini katika jambo hili hatumwamini, na bibi yule asimruhusu.

Je, huenda ni busha kweli? Huenda. Vitu vivimbavyo katika mfuko wa mwanamume ni vingi, na vilivyo vingi si saratani. Busha ni maji yaliyokusanyika katika ngozi nyembamba iizungukayo korodani. Huwa laini, hukua polepole, na ukiweka tochi nyuma yake katika chumba chenye giza, mwanga hupita, uvimbe wote ukang'aa wekundu. Nyama haiangazi hivyo. Ngiri ni utumbo ulioshuka kupita tundu la kinena; mtu akikohoa hujaa, akilala mara nyingi hurudi. Kuna mishipa iliyovimba ikawa kama fungu la minyoo mfukoni, mara nyingi upande wa kushoto. Kuna kifua kikuu, ambacho hakikai kifuani tu, bali chaweza kushika kile kirija kilichojikunja nyuma ya korodani kikawa kigumu chenye mafundo. Kaswende ya zamani yaweza kufanya korodani iwe ngumu bila maumivu. Kisonono huivimbisha kwa maumivu na homa. Matubwitubwi, kijana aliyebalehe akiyapata, yaweza kushuka huko pia. Na sisi wa ziwani tusisahau kichocho. Mayai ya vidudu vyake yamepata kuonekana katika korodani za watu, yamefanya donge lililodhaniwa kuwa saratani mpaka lilipotazamwa kwa darubini.

Liko na jambo moja lisilongoja hata kesho. Kijana akiamka usiku na maumivu makali ya ghafula katika korodani moja, akatapika, huenda korodani imejipinda juu ya ile kamba yake na damu imekatika. Muda wa kuiokoa ni kadiri ya saa 6. Hapo usiandike barua kwa gazeti. Tafuta mashua au pikipiki usiku ule ule.

Habari ya busha yatukumbusha daktari mmoja aliyeitendea kazi vizuri. Denis Burkitt, mtu wa Ireland, alifika Uganda mwaka 1946, akapewa hospitali ya Lira katika nchi ya Lango. Alikuwa na jicho moja tu, jingine lilipotea alipokuwa mtoto. Kila juma aliwapasua wanaume wenye mabusha, na wengine wangaliridhika na kazi hiyo. Yeye alianza kuuliza kila mmoja: Umetoka wapi? Akaona kwamba upande wa mashariki wa wilaya mabusha ni mengi mno, na upande wa magharibi ni haba, ingawa watu ni wale wale na chakula ni kile kile. Akafuatilia, akaona kwamba tofauti hiyo yaenda pamoja na minyoo myembamba iletwayo na mbu. Akaandika habari hiyo mwaka 1951. Desturi ile ile ya kuuliza mtu ametoka wapi ndiyo iliyompa jina duniani baadaye. Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, aliona watoto wenye uvimbe wa taya, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka nchi nyingi za Afrika kwa motakaa kuukuu wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wamewaona watoto kama hao. Uvimbe huo sasa waitwa kwa jina lake. Si mpole, tena mara chache hushika hata korodani za watoto, lakini watoto wengi huponywa kwa dawa.

Huku kwetu Tanzania, mabusha ya mbu yameenea zaidi pwani ya bahari. Serikali ilianza kazi ya kugawa dawa za minyoo hiyo kisiwani Mafia mwaka 2000. Mtu wa Kigoma aliyekaa Tanga au Lindi miaka mingi amweleze daktari jambo hilo, kama vile wale wa Burkitt walivyoeleza.

Lakini maneno ya bibi yetu hayafanani na busha. Amesema kigumu. Amesema hakiumi. Amesema ni kidogo kama kokwa ya chikichi, na kimo katika korodani moja. Hatuwezi kumpima mtu kwa barua, wala hatujui kama kokwa ile imo ndani ya korodani yenyewe au juu ya kile kirija cha nyuma. Tofauti hii ni kubwa. Uvimbe ulio nje ya korodani, juu ya kirija, kwa kawaida si saratani: ni kifuko cha maji, au kidonge cha nyama ambacho mara nyingi hubaki kidogo, nacho hakina hila yo yote. Uvimbe mgumu ulio ndani ya korodani yenyewe, kwa mwanamume mzima, mara nyingi zaidi ni saratani. Tusifiche neno hili. Saratani hii ni haba kwa Waafrika kuliko kwa watu wa Ulaya, nayo hushika hasa vijana na watu wa makamo, watu wa kazi. Yule ambaye korodani yake haikushuka alipokuwa mtoto yuko katika hatari zaidi kuliko wengine.

Mara nyingi, lakini si kila mara. Iko na jamii ya vivimbe vilivyo vipole, adimu, ambavyo madaktari wengine hukaa miaka bila kuviona. Hivyo ndivyo tunavyotaka kuvieleza kidogo, kwa sababu mtu akijua kwamba vipo hatadhani kwenda hospitali ni kwenda kuhukumiwa.

Kimoja ni kifuko kidogo kilichojaa kitu cheupe kikavu, kama unga uliokandwa ukakauka. Kitu hicho ni cha asili ya ukucha na ngozi. Kikipigwa picha huonekana kimepangwa tabaka kwa tabaka, kama kitunguu kilichokatwa katikati. Kikitolewa, habari imekwisha. Hakirudi, hakiendi po pote.

Cha pili chatoka katika chembe ambazo Mjerumani Franz Leydig alizieleza mwaka 1850. Hizo ndizo zitengenezazo homoni ya kiume, ile impayo mtu ndevu na sauti nzito. Zikikua kupita kiasi zikawa donge, homoni hutoka bila mpango. Kwa mtu mzima, donge hilo laweza kumfanya avimbe matiti kama ya mwanamke, au apungukiwe na hamu ya ndoa, naye akadhani amelogwa na mtu fulani. Kwa mtoto mambo ni ya ajabu zaidi. Mtoto wa miaka 6 au 8 huanza kuwa na sauti ya mwanamume, nywele za utu uzima, chunusi, na kimo cha kuwapita wenzake wote. Kijiji husema mengi. Mama hulaumiwa. Nasi twawaomba wazazi na walimu: mkimwona mtoto kama huyo, msimcheke wala msimpeleke kutolewa pepo, mpelekeni kwa daktari amshike korodani zote mbili. Uvimbe huu kwa watoto karibu haupati kuwa saratani kamwe. Kwa watu wazima, katika kumi kadiri ya mmoja huwa wa saratani, kwa hiyo mtu mzima hufuatiliwa baadaye.

Hapa daktari mwenyewe hana budi kuwa mwangalifu. Wako watoto waliozaliwa na kasoro katika tezi zikaazo juu ya mafigo, nao pia hubalehe mapema, na korodani zao zote mbili huweza kupata madonge. Hao hawahitaji kisu. Wahitaji vidonge, na madonge mara nyingi hunywea yenyewe. Mtoto wa namna hiyo akikatwa amekatwa bure. Ndiyo maana daktari mzuri huuliza maswali mengi kabla ya kunoa kisu, na mgonjwa asikasirike kwa kuulizwa.

Tena kuna uvimbe wa watoto wadogo ambao ukifunguliwa huonekana una nywele, au gegedu, au kitu kama jino. Twaweza kuwaza maneno yatakayosemwa kijijini wakisikia habari hiyo! Lakini si uchawi. Chembe za uzazi zina uwezo wa kuumba kila kiungo cha mtu, nazo zikipotea njia huumba ovyo ovyo. Kwa mtoto asiyebalehe uvimbe huu huwa mpole. Kwa aliyebalehe, madaktari hawauamini, humtendea kama mwenye saratani.

Sasa hospitali watafanya nini? Kwanza watashika kwa vidole, korodani nzima kwanza, kisha ile yenye uvimbe. Si jambo la aibu kwao. Wanayaona kila siku. Mume akiona haya kupimwa na mwanamke, aombe kwa adabu apimwe na mwanamume, wakimpata. Watatumia tochi. Lakini tochi isiwe mwisho wa mambo, kwa sababu maji yaweza kukusanyika kuzunguka uvimbe wa nyama, tochi ikaonyesha maji na kuficha nyama.

Kisha picha ya altrasaundi. Akina mama wanaijua, ndiyo ile wapakwayo mafuta baridi tumboni wakiwa na mimba. Haina maumivu, haina sumu. Inaonyesha kama uvimbe ni maji au nyama, kama uko ndani au nje, na mara nyingine huonyesha lile kitunguu tulilolisema.

Kisha damu. Saratani nyingine za korodani hutoa katika damu vitu ambavyo mtu mzima wa kiume hapaswi kuwa navyo. Kimoja hutengenezwa na ini la mtoto aliye tumboni. Kingine ni kile kile kitengenezwacho na kondo la nyuma la mama mja mzito, ambacho kipimo cha mimba hukitafuta katika mkojo. Ndiyo kusema mwanamume mwenye saratani ya namna fulani akikojolea kipimo cha mimba, kipimo chaweza kusema ana mimba! Watu wamekwisha kucheka kwa mchezo huo, kisha wakaacha kucheka. Lakini asiwepo mtu wa kujipima nyumbani kwa njia hiyo akatulia akiona hapana kitu. Saratani zilizo nyingi hazionekani hivyo, na vivimbe vipole havionekani kabisa.

Vipimo hivi vikiisha, mara nyingi daktari bado hana hakika. Hapa ndipo tutamjibu mume, yule asemaye atahasiwa.

Ndugu mvuvi, beberu huhasiwa kwa kuondolewa au kupondwa zote mbili. Wewe hakuna atakayekugusa ile nzima. Mtu mwenye korodani moja nzima, kwa kawaida, huzaa watoto, hubaki na ndevu zake, sauti yake na nguvu zake za ndoa. Hilo ni la kwanza. La pili ni kwamba si lazima hata ile moja iondoke. Uvimbe ukiwa mdogo, damu ikiwa safi, na picha ikionyesha dalili za upole, daktari wa upasuaji aweza kuutoa uvimbe peke yake na kuirudisha korodani mahali pake. Katika hospitali kubwa zenye mtaalamu na mtambo wake, kipande hugandishwa kwa baridi kali na kutazamwa kwa darubini mgonjwa akiwa bado katika nusu kaputi, na jibu huja kadiri ya nusu saa. Jibu likiwa ni upole, hushona. Likiwa ni saratani, huondoa korodani yote.

Lakini tuseme kweli. Si kila hospitali ina mtambo huo, na wataalamu wa kupima nyama ni wachache nchini. Mahali pasipo na mtaalamu, daktari aliye mwaminifu mara nyingi ataona ni heri kuitoa korodani yote kuliko kuacha saratani ndani. Baadaye, darubini ikisema ulikuwa uvimbe mpole, mtu aweza kuhuzunika akasema amepoteza bure. Huzuni hiyo twaielewa. Hata hivyo, tukipimiwa kati ya kupoteza moja na kupoteza maisha, sisi tungechagua kama daktari. Lakini hii ni sababu kubwa ya kuuliza kabla: Bwana daktari, je, inawezekana kutoa uvimbe tu? Je, hapa mwaweza, ama mtatuandikia barua ya kwenda mbele? Kuuliza hivyo si utovu wa heshima.

Kwa watu wa pwani ile, mlango wa kwanza ni zahanati yao au hospitali ya mkoa ya Maweni pale Kigoma. Kwa watu wa Kasulu na jirani, Kabanga. Kutoka Kibirizi mpaka Maweni si safari. Ikiwa ni lazima kwenda mbele, iko Bugando kule Mwanza, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, au Dar es Salaam, kilomita kadiri ya 1250 kwa reli. Mtu asiondoke kijijini na nauli ya kwenda tu. Mara nyingi mgonjwa hukwama si kwa ugonjwa bali kwa kukosa pa kulala ndugu yake aliyemsindikiza. Kabla ya kuondoka, familia ikae, ihesabu, imtafute na jamaa aliye katika mji ule.

Na liko neno moja ambalo twalisema kwa mkazo, kwa kuwa ndilo wengi walikosealo. Kitu kilichotolewa kisitupwe, wala mgonjwa asiombe apewe akakizike. Hutiwa katika chupa yenye dawa iitwayo fomalini, hupelekwa kwa mtaalamu, naye hukikata vipande vyembamba kuliko karatasi na kuvitazama. Majibu huweza kuchukua siku nyingi, hata majuma. Kidonda hupona kwanza. Mtu akiona kidonda kimepona hurudi ziwani, na jibu hubaki katika faili likimngoja. Ndugu, jibu hilo ndilo ulilolipia! Andikeni tarehe ya kurudi ukutani, na mama wa nyumba aishike yeye, maana wanaume husahau tarehe za hospitali upesi kuliko tarehe za mbalamwezi.

Na jibu likiwa saratani? Zamani ilikuwa habari mbaya sana. Mwaka 1974 huko Indianapolis, Marekani, daktari Lawrence Einhorn alimpa kijana mmoja mwanafunzi, ambaye saratani ya korodani ilikuwa imekwisha mwenea mapafuni, dawa iitwayo sisplatini pamoja na nyingine mbili. Yule kijana akapona, akaoa, akazaa watoto. Tangu hapo ugonjwa huu umehesabiwa miongoni mwa saratani ziponazo kuliko nyingine zote, na ukikamatwa mapema karibu wote hupona. Dawa za namna hii hutolewa pia nchini mwetu. Hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ilifanywa kuwa taasisi yake yenyewe mwaka 1996. Mgonjwa anayetaka kuzaa bado amwambie daktari kabla dawa hazijaanza, kwa kuwa zaweza kupunguza mbegu.

Bibi aliuliza pia, pembeni ya karatasi kwa herufi ndogo, kama kitu hicho chaambukiza, na kama yeye ndiye aliyemletea mumewe. Uvimbe mpole hauambukizi. Saratani ya korodani haiambukizi. Hukumletea. Yakionekana magonjwa yale mengine, kisonono au kaswende, mtatibiwa wote wawili, na hapo nako ni dawa itakiwayo kwanza, lawama hazitibu kitu.

Tena aliuliza mumewe atakaa muda gani bila kuvua. Akipasuliwa kinenani, kwa kawaida hutembea baada ya siku moja au mbili. Lakini kuvuta wavu, kusukuma mtumbwi majini na kuinua mitungi ya maji au magunia ya dagaa, asifanye kwa majuma 4 mpaka 6, la sivyo mshono wa kinena waweza kuachia akapata ngiri juu ya yale aliyokuwa nayo. Wenzake wa mtumbwini waambiwe mapema wamtafute mtu wa kushika nafasi yake. Si lazima waambiwe amepasuliwa nini. «Amepasuliwa kinena» ni neno la kweli, na latosha.

Bibi huyu akipenda kutuandikia tena baada ya mbalamwezi, tutafurahi kujua walisemaje huko hospitali. Habari ya surua itatoka juma lijalo.